Uvimbe umetoka, lakini homoni zako zimepimwa?

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mkazi wa Igowole, wilayani Mufindi. Kwa mwaka mzima umekuwa ukiumwa kichwa, macho yanapungua nguvu pembeni, na bodaboda zinakutokea ghafla kwa sababu huzioni zinapokuja kutoka ubavuni. Umeanzia zahanati, ukaenda Mafinga, ukapewa rufaa ya Iringa, kisha Dar es Salaam. Picha ya MRI imeonyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Umefanyiwa upasuaji kupitia puani, umeamka salama, na macho yameanza kurudi. Siku ya tano unaruhusiwa. Ndugu wanachanga nauli, unapanda basi la alfajiri kurudi nyumbani.

Nakuuliza swali moja. Kati ya karatasi ulizobeba kwenye mfuko wa rambo, ipo inayosema kotisoli yako ni kiasi gani, na sodiamu ya damu yako itapimwa tena lini?

Kama haipo, matibabu yako bado hayajakamilika, hata kama daktari aliyekupasua ni bingwa na kazi yake ilikuwa safi. Hoja yangu leo ni hiyo: kwa uvimbe wa tezi hii, kupima homoni kabla na baada ya upasuaji ni nusu ya tiba. Nusu ya kwanza hufanyika chumba cha upasuaji na huchukua saa chache. Nusu ya pili inaendelea kwa wiki, miezi, na kwa wengine maisha yote, na sehemu yake kubwa inakukuta ukiwa nyumbani, mbali na yule aliyekupasua.

Tezi ndogo, kazi nyingi

Pituitari ni tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere. Ipo chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Juu yake inapita mishipa ya fahamu ya macho. Ndiyo maana uvimbe ukikua kuelekea juu, mgonjwa huanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni kabla hajapoteza uwezo wa kuona mbele. Hugonga mabega milangoni, humwaga chai iliyowekwa ubavuni, na watu humwona mzembe.

Tezi hii ni kama mnyapara. Yenyewe hutoa homoni zinazoziamuru tezi nyingine zifanye kazi. Huiamuru tezi ya shingo, yaani thairoidi, iendeshe joto na nguvu za mwili. Huziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni inayotuwezesha kuhimili homa, ajali, njaa na upasuaji. Huamuru mayai ya mwanamke na mbegu za mwanaume. Hutoa prolaktini, inayotengeneza maziwa ya mama, na homoni ya ukuaji wa mtoto. Sehemu yake ya nyuma hutoa homoni inayozuia figo zisipoteze maji ovyo.

Uvimbe wa hapa kwa kawaida si saratani. Madhara yake huja kwa njia mbili: kusukuma kilicho jirani, au kuvuruga homoni. Huenda uvimbe wenyewe ukatoa homoni kupita kiasi, au ukaikandamiza tezi nzima ishindwe kutoa hata ile inayohitajika. Upasuaji unaweza kuondoa tatizo la kwanza na kuacha la pili, au hata kulianzisha. Picha ya MRI haiwezi kukuambia kotisoli yako ni ngapi. Damu ndiyo itakayosema.

Uwezo huu wa kupima si wa zamani sana. Daktari Mmarekani Harvey Cushing aliandika kitabu kizima kuhusu maradhi ya pituitari mwaka 1912, lakini zama zake daktari alilazimika kukisia kwa kuangalia uso, mikono na urefu wa mgonjwa. Ni miaka ya mwisho ya 1950 ndipo Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakifanya kazi New York, walipopata njia ya kupima homoni zilizo chache mno ndani ya damu. Berson alifariki mwaka 1972. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kazi hiyo. Tangu hapo hakuna sababu ya kitabibu ya kumtibu mgonjwa wa pituitari kwa kukisia.

Kabla ya kisu: kipimo kinachoweza kukuepusha na upasuaji

Kati ya uvimbe wa pituitari unaotengeneza homoni, unaoongoza ni ule wa prolaktini. Mwanamke huacha kuona siku zake, maziwa yanatoka wakati hanyonyeshi, na mimba haishiki. Mwanaume hupoteza hamu ya tendo la ndoa na nguvu zake, na kwa kuwa huona aibu kusema, mara nyingi huja hospitali uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa na macho yameanza kuharibika.

Sasa sikiliza hili vizuri. Uvimbe wa aina hii mara nyingi hutibiwa kwa vidonge, hasa kabergolini au bromokriptini. Vidonge hivyo hushusha prolaktini na kuunywesha uvimbe, hata ule mkubwa. Wapo wanaohitaji upasuaji, lakini wengi hawauhitaji. Kwa hiyo mgonjwa mwenye uvimbe wa pituitari kupelekwa kwenye kisu bila kupimwa prolaktini ni kosa ambalo kipimo kimoja cha damu kingelizuia. Ukiwa na haki ya kuuliza swali moja tu kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, uliza hili: “Daktari, prolaktini yangu ni ngapi?”

Jibu likija juu, usikimbilie kusema una uvimbe. Ujauzito hupandisha prolaktini. Kunyonyesha hupandisha. Thairoidi iliyolala hupandisha. Dawa kadhaa hupandisha, zikiwamo metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Kinyume chake pia hutokea: uvimbe mkubwa sana unaweza kutoa prolaktini nyingi hadi kuzidi uwezo wa kipimo, na mashine ikasoma namba ndogo. Daktari anayeona uvimbe mkubwa na prolaktini ndogo anaweza kuomba maabara ichanganye sampuli na kimiminika cha kuipunguza makali, kisha ipime upya.

Kingine cha kumweleza daktari ni vile tunavyovificha. Mkorogo wa kung’arisha ngozi, vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kificho, na dawa za maumivu ya viungo zisizo na lebo, mara nyingi vina dawa za jamii ya steroidi ndani yake. Zikitumika kwa muda mrefu, huilaza pituitari, kotisoli ikashuka, uso ukavimba kama wa mgonjwa wa kotisoli nyingi. Daktari asipojua, ataanza kutafuta uvimbe usiokuwapo. Mwambie. Hakuna anayekuja kukukamata.

Vilevile kotisoli na thairoidi hupimwa kabla ya upasuaji kwa ajili ya usalama wa usingizi. Mgonjwa mwenye kotisoli ndogo anahitaji sindano ya haidrokotisoni kabla ya kupasuliwa, la sivyo presha inaweza kuporomoka mezani. Na kama vyote viwili vipo chini, kotisoli hutibiwa kwanza, thairoidi baadaye. Ukianza na dawa ya thairoidi, mwili unatumia haraka kotisoli kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuzimia.

Ukiwa umelala mezani

Wasomaji wengine watauliza: kwa nini homoni zisipimwe wakati upasuaji unaendelea, ili daktari ajue palepale kama ametoa uvimbe wote?

Wazo hilo lipo na limejaribiwa. Homoni ya ukuaji, kwa mfano, hupungua kwa nusu katika damu kila baada ya dakika kama 20 chanzo chake kinapoondolewa. Kwa hiyo damu ikichukuliwa kabla ya uvimbe kutolewa, kisha ikachukuliwa tena na tena baadaye, namba zinapaswa kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi. Zikigoma kushuka, huenda kuna kipande kimebaki. Katika upasuaji wa tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, mbinu hii imezoeleka katika hospitali nyingi kubwa duniani, kwa sababu homoni ile huondoka kwenye damu kwa dakika chache tu.

Kwa pituitari mambo ni magumu zaidi. Mwili uliolazwa na kukatwa hupandisha homoni za msongo wenyewe, na dawa za usingizi nazo huzigusa. Namba inayopatikana mezani inaweza kupotosha. Inahitajika pia mashine inayotoa jibu kwa dakika, pamoja na wataalamu wanaosubiri mlangoni. Kupima mezani hakujawa utaratibu wa kawaida, hata katika nchi tajiri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba Tanzania isianze na mashine hiyo. Tuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako madaktari bingwa wa ubongo hutoa uvimbe wa tezi hii kupitia puani bila kupasua fuvu. Ni hatua kubwa. Zamani mgonjwa mwenye uwezo alifikiria India, na asiye na uwezo alibaki nyumbani kusubiri upofu. Lakini mkono wa daktari umetangulia, na mnyororo wa vipimo unaomfuata mgonjwa hadi kijijini lazima umkute. Kipimo kitakachookoa watu wengi zaidi ni kile cha bei nafuu, kinachofanyika asubuhi ya kesho yake, kisha siku ya saba.

Kotisoli ya asubuhi

Kotisoli hupanda na kushuka kila siku. Huwa juu asubuhi, karibu saa mbili, na chini usiku wa manane. Damu iliyochukuliwa saa kumi jioni haiwezi kulinganishwa na ya asubuhi. Katika siku za kwanza baada ya upasuaji, damu ichukuliwe asubuhi, na kama umeshaanza haidrokotisoni, daktari ndiye apange dozi ipi isubiri hadi damu ichukuliwe. Usiiache mwenyewe.

Chukua karatasi ya majibu, usikubali kuambiwa tu kuwa “ipo vizuri”. Angalia na kipimo kilichoandikwa mbele ya namba. Maabara hutumia vipimo viwili tofauti: maikrogramu kwa desilita, na nanomoli kwa lita. Kotisoli 10 kwa kipimo cha kwanza ni sawa na 276 kwa cha pili. Daktari wa Iringa akisoma namba bila kujua kipimo, anaweza kukuona mzima wakati u mgonjwa, au kinyume chake.

Kwa aliyepasuliwa kwa sababu ya kotisoli nyingi, yaani ugonjwa wa Cushing, kotisoli kuporomoka siku za kwanza ni habari njema. Maana yake uvimbe umetoka. Lakini habari hiyo njema ndiyo inayoweza kumuua akipewa mkono wa kwaheri bila dawa, kwa sababu seli za kawaida za pituitari zilikuwa zimelala kwa miaka na zinaweza kuchukua miezi mingi kuamka. Wakati huo wote anaishi kwa vidonge.

Kama umepewa haidrokotisoni au prednisoloni baada ya upasuaji huu, weka moyoni mambo matatu. Usiache dawa ghafla, hata ukijisikia mzima kabisa. Ukipata homa au ukiumia, dozi huongezwa kwa siku chache kwa maelekezo ya daktari, mara nyingi mara mbili au tatu ya kawaida. Na ukitapika hadi vidonge havikai, unahitaji sindano ya haidrokotisoni siku hiyohiyo. Kwa mtu mzima dozi ya dharura ni miligramu 100. Mtoto hupewa kwa kadiri ya umri na ukubwa wake. Sindano hiyo ndiyo ileile ambayo vituo vya afya huitumia kwa pumu na mzio mkali, kwa hiyo si dawa ngeni. Kinachokosekana ni karatasi ya kumwambia muuguzi wa zamu kwamba mgonjwa huyu aliyelegea hana malaria pekee, hana kotisoli.

Siku kumi za hatari

Siku moja au mbili baada ya upasuaji, baadhi ya wagonjwa hukojoa mno, mkojo mweupe kama maji, na kiu haikatiki. Ni ile homoni ya kuzuia maji imekatika. Haina uhusiano wowote na sukari. Wodini wauguzi hupima mkojo, nawe usione aibu kuwaonyesha chupa. Anayekuuguza aandike kwenye daftari: umekunywa kiasi gani, umekojoa kiasi gani. Zaidi ya lita tatu kwa siku ni jambo la kumwambia daktari.

Hatari ya pili inakuja kimya, na ndiyo inayonitia hofu kwa mgonjwa wa nyanda za juu. Kati ya siku ya nne na ya kumi, mara nyingi karibu na siku ya saba, homoni ileile inaweza kumwagika kupita kiasi. Mwili unashikilia maji, na sodiamu ya damu inashuka. Kiwango cha kawaida ni kati ya 135 na 145. Ikishuka sana, kichwa kinauma upya, kichefuchefu kinaanza, mgonjwa anatapika, anachanganyikiwa, anasinzia, na anaweza kupata degedege.

Hesabu siku zako. Umeruhusiwa siku ya tano. Siku ya sita uko kwenye basi, unapita Mikumi, unapanda Kitonga, unashuka Mafinga, na bado hujafika Igowole. Siku ya saba uko kitandani kwako, majirani wanakuja kukupa pole na chai. Ukianza kutapika, watasema ni uchovu wa safari. Ukianza kuongea maneno yasiyoeleweka, mmoja atasema malaria imepanda kichwani, mwingine atanong’ona kuwa umerogwa kwa sababu hospitali ya Dar ilishakuponya. Mpaka gari lipatikane la kukupeleka Mafinga, saa zimekwenda.

Jambo hili linazuilika. Kipimo cha sodiamu ni cha kawaida, kinafanyika katika hospitali nyingi ambazo hazina hata daktari mmoja wa ubongo. Mgonjwa apimwe sodiamu siku ya saba au ya nane, popote alipo. Maelekezo ya kunywa maji nayo yaandikwe. Wapo wanaotakiwa kupunguza maji katika siku hizo, na wapo wanaotakiwa kunywa kila wanapohisi kiu. Ukimpa mgonjwa ushauri wa mwenzake, unamdhuru. Wale wanaokuja na ndoo ya uji na kusema “kunywa, kunywa upate nguvu” wana nia njema, ila waoneshe karatasi ya daktari.

Kwa nyongeza: maji meupe yakichuruzika puani ukiinama, au homa ikija na shingo kukaza, rudi hospitali siku hiyohiyo. Hayo si mafua.

Kwa wazazi

Mzazi, kadi ya kliniki humfuatilia mtoto hadi miaka mitano. Baada ya hapo, watoto wengi hawapimwi urefu tena mpaka waje kutafuta kazi ya jeshi. Ni pengo kubwa. Mtoto anayeacha kukua darasa la tatu, mwenzake wa kiti kimoja akampita kwa kichwa kizima, anaweza kuwa na tatizo la pituitari au uvimbe jirani nayo. Vivyo hivyo yule anayerefuka kupita ukoo wote, viatu vikibadilishwa kila baada ya miezi michache. Ukiongeza kichwa kuuma, kutapika asubuhi, kunywa maji na kukojoa usiku kucha, au kukaa karibu na ubao kwa sababu haoni, usisubiri.

Kipimo chako cha kwanza hakina gharama. Msimamishe mtoto bila viatu kwenye fremu ya mlango, weka alama na tarehe, rudia kila baada ya miezi sita. Mtoto wa shule ya msingi ambaye alama zake hazisogei kwa mwaka mzima apelekwe kwa daktari, na picha ya fremu hiyo ni ushahidi mzuri.

Kama mtoto ameshapasuliwa, jua kuwa ufuatiliaji wake ni mrefu kuliko wa mtu mzima. Atahitaji kuangaliwa kotisoli, thairoidi, ukuaji na kubalehe kwa miaka. Mwalimu wake ajue kwamba mtoto huyu akiugua homa au kutapika shuleni, haachwi alale kwenye benchi hadi kengele ya jioni. Andika barua, mpe mwalimu mkuu, na nyingine mpe mwalimu wa darasa.

Na kina mama waliotokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, halafu maziwa hayakutoka, siku hazikurudi, na nguvu zimeisha tangu hapo: pituitari yenu inaweza kuwa iliathirika siku ile, bila uvimbe wowote. Vipimo ni vilevile. Semeni kliniki, hata kama mtoto ameshaanza shule.

“Lakini gharama je?”

Najua jibu litakalokuja. Mgonjwa ameshauza ng’ombe, ameshakopa kwenye kikundi, na kila siku ya kukaa Dar ni pesa ya chumba na chakula. Mwambie akae siku tatu zaidi kusubiri kipimo, anakuona huna huruma. Upande wa hospitali nako vitanda havitoshi, na nyuma yake kuna mwingine anayesubiri huku macho yakififia.

Siwezi kulipuuza hilo. Lakini si lazima mgonjwa akae Dar. Damu ya sodiamu inaweza kupimwa Iringa au Mafinga, jibu likapigwa simu. Kwa kotisoli, sampuli yenyewe inaweza kusafiri. Tayari nchi hii husafirisha sampuli za VVU na za kifua kikuu kutoka vituo vya vijijini kwenda maabara kubwa, na wagonjwa hubaki makwao. Sioni sababu ya njia hiyo kufungwa kwa chupa ndogo ya damu ya mgonjwa wa homoni. Hospitali za rufaa za kanda, ikiwamo ya Mbeya inayohudumia nyanda za juu, ziwe mahali ambapo vipimo vya kotisoli, prolaktini na thairoidi havikosekani kwa sababu kitendanishi kimekwisha. Haidrokotisoni ya sindano isikosekane kwenye vituo vya afya. Na Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, ivihesabu vipimo hivi kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe. Kulipia kisu na kukataa kulipia kipimo cha kesho yake ni sawa na kununua shamba la chai na kukataa kununua mbolea.

Wenzetu wengine husema tuimarishe kwanza upasuaji, homoni zitafuata. Nadhani wamekosea mpangilio. Mgonjwa aliyepasuliwa vizuri na kufa nyumbani siku ya kumi haingii kwenye takwimu za chumba cha upasuaji. Kule ameandikwa kuwa alitoka akitembea. Tusipomfuatilia, hatutajua, na tusipojua, tutaendelea kupongezana.

Kabla hujaondoka wodini

Mpaka mfumo urekebishwe, ulinzi wako ni maswali. Mwombe ndugu mwenye kalamu akae nawe siku ya kuruhusiwa, muulize haya na kuandika majibu:

Kotisoli yangu ya asubuhi ilikuwa ngapi, tarehe gani, kwa kipimo gani?

Je, natoka na dawa ya steroidi? Nimeze saa ngapi, kiasi gani, na ni nani ataniambia niache?

Sodiamu yangu ya mwisho ni ngapi, na nipime tena siku gani, hospitali gani?

Ninywe maji kiasi gani wiki hii?

Kama uvimbe ulikuwa unatoa homoni, homoni hiyo itapimwa lini tena? Kwa mwenye homoni ya ukuaji nyingi, jibu la kuaminika huja baada ya takribani wiki 12, kwa hiyo asikate tamaa wala asisherehekee mapema.

Nikizidiwa usiku, nimpigie nani?

Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja, yenye mhuri wa hospitali. Toa nakala tatu. Moja ikae kwenye mfuko wa koti lako, ya pili kwa anayekuuguza, na ya tatu ipeleke mwenyewe, au atume mtu, kwenye kituo cha afya cha karibu na kwako, kabla hujaugua. Mganga wa kituo asiyewahi kuona mgonjwa wa pituitari hana kosa lolote. Akiwa na karatasi inayosema “mgonjwa huyu hana kotisoli ya kutosha, akitapika mpe haidrokotisoni kwanza, kisha mpe rufaa”, anaweza kukuokoa sawasawa na bingwa wa Dar.

Daktari asiposema habari za homoni, usidhani amekuficha. Foleni ni ndefu na yeye ni mmoja. Muulize. Na akikujibu kwa lugha ya kitabibu, mwambie kwa heshima, “Daktari, nisaidie, nieleze kama unavyomweleza mama yako.” Wengi watacheka kidogo, wavute kiti, na kukueleza.